Tafiti za pombe: kwa nini jana glasi moja ilikuwa dawa na leo ni sumu

Agosti 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliohusisha nchi 195, na habari ikazagaa kila mahali: hakuna kiwango cha pombe kilicho salama. Mwaka 2022 mradi uleule, katika jarida lilelile, ukarudi na hesabu mpya zilizoonyesha kwamba kwa baadhi ya watu waliovuka miaka 40, kunywa kidogo sana huenda kukaambatana na faida ndogo. Desemba 2024 jopo la Akademia za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani likaripoti kwamba wanywaji wa wastani walikuwa na vifo vichache kuliko watu wasiowahi kunywa kabisa. Hazikupita wiki tatu, Daktari Mkuu wa serikali ya nchi hiyohiyo, Vivek Murthy, akapendekeza chupa za pombe zibandikwe onyo la saratani.

Anayesoma vichwa hivyo vinne kwa mfululizo ana haki ya kuuliza kama wataalamu wanajua wanachokisema. Mnywaji hushika kile kinachompendeza, mpinga pombe naye hushika cha kwake, na ubishi hauishi. Lakini ukizifungua tafiti zenyewe, ugomvi ni mdogo kuliko kelele zake. Mkanganyiko mwingi unatokana na maswali matatu ambayo vichwa vya habari huyaruka: ni kiasi gani hasa, mnywaji amelinganishwa na nani, na hatari imepanda kutoka wapi hadi wapi.

Kinywaji kimoja ni kiasi gani?

Kinacholevya katika bia, mvinyo, pombe kali na pombe za kienyeji ni kitu kimoja, ethanoli. Rangi, ladha na bei ni mengine. Hesabu yake si ngumu: chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, kisha zidisha kwa 0.79, kwa kuwa ethanoli ni nyepesi kuliko maji. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, yaani karibu gramu 20. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina gramu 14. Toti ya mililita 44 ya pombe kali ya asilimia 40 nayo ina gramu 14. Kwa hiyo anayejigamba kwamba anakunywa bia tu, hagusi vikali, anaweza kuwa ameshusha ethanoli nyingi kuliko mwenzake mwenye toti moja ya wiski.

Nchi nyingi hupima unywaji kwa "kipimo", ila hazijakubaliana kipimo hicho kiwe na ukubwa gani. Uingereza ni gramu 8, Australia 10, Marekani 14, na Japani karibu 20. Utafiti unaosema "kinywaji kimoja kwa siku" unaweza kumaanisha mara mbili ya kile alichokikusudia mwingine, na habari ikishafika kwenye simu ya msomaji, gramu zimeshapotea njiani.

Wastani wa wiki nao huficha mengi. Mtu wa chupa 7 Jumamosi usiku na mtu wa chupa 1 kila jioni wanaonekana sawa kwenye dodoso. Mwilini hawako sawa hata kidogo. Yule wa Jumamosi amepitia kilele cha ulevi kinachoweza kuvuruga mapigo ya moyo, na barabarani ni hatari kwake na kwa wengine. Halafu kuna jambo ambalo kila mtafiti wa fani hii analijua: watu hutaja pungufu. Ukijumlisha kile wanywaji wanachosema wamekunywa, hakifikii hata karibu na kile kilichouzwa.

Ndani ya mwili

Pombe haihitaji kusagwa kama chakula. Inapenya ukuta wa tumbo na utumbo mdogo, inaingia kwenye damu, na baada ya dakika chache imefika kwenye ubongo. Kazi ya kuiondoa inaliangukia ini, ambalo huifanya kwa hatua mbili. Kwanza, kimeng'enya kimoja huigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi. Kisha kimeng'enya kingine huigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo mwili huichoma kama nishati.

Mkorofi ni huyo wa katikati. Asetaldehidi hung'ang'ania vinasaba ndani ya seli, huvikatakata na kuvuruga ukarabati wake. Seli iliyoharibika vinasaba na isirekebishwe inaweza kuwa mwanzo wa saratani. Asetaldehidi haitengenezwi kwenye ini peke yake, kwani bakteria wa kinywani nao huitengeneza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kinywa, koo na umio kuwa miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi. Kwenye matiti kuna njia ya ziada: pombe hupandisha kiwango cha homoni ya estrojeni.

Zaidi ya watu milioni 500 duniani, wengi wao wa Asia ya Mashariki, wamerithi kimeng'enya dhaifu cha hatua ya pili. Wakinywa, asetaldehidi hujikusanya, uso unakuwa mwekundu na moyo unadunda kwa kasi. Wale wanaovumilia hali hiyo na kuendelea kunywa, hatari yao ya saratani ya umio hupanda kuliko ya wanywaji wengine wa kiasi kilekile. Kwa mtafiti huo ni ushahidi mzito, kwa sababu unaonyesha kosa liko kwenye kemikali yenyewe wala si kwenye tabia nyingine za walevi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Watu husikia kwamba tumbaku na asbesto zimo kwenye kundi hilohilo, wakadhani glasi moja ni sawa na pakiti ya sigara. Sivyo. Kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi. Halisemi lolote kuhusu ukubwa wa hatari. Saratani ambazo uhusiano wake na pombe umethibitishwa ni za kinywa, koromeo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana na matiti ya wanawake. Kwa mwaka 2020, watafiti wa shirika hilo walikadiria wagonjwa wapya zaidi ya 740,000 waliotokana na pombe, karibu asilimia 4 ya wagonjwa wote wapya wa saratani duniani.

Ini lina mwendo wake, takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa kwa mtu mzima wa kawaida, na halisukumwi. Kahawa hailiharakishi, wala maji ya baridi kichwani. Mlevi aliyepewa kahawa ni mlevi aliye macho, basi. Wanawake wengi hufikia kiwango cha juu zaidi cha pombe kwenye damu kuliko wanaume hata kama wamekunywa sawa na uzito wao ni mmoja, kwa kuwa miili yao ina maji machache ya kuizimua.

Ile glasi ya moyo ilitoka wapi?

Imani kwamba kunywa kidogo kunarefusha maisha haikuzuliwa na watengeneza pombe, ingawa waliishangilia. Mwaka 1926 Raymond Pearl, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alichapisha hesabu zilizoonyesha wanywaji wa kiasi wakiishi muda mrefu kuliko walevi, na pia kuliko wasiokunywa kabisa. Mwaka 1974 Arthur Klatsky, daktari wa moyo California, akaona wasiokunywa wanapata mshtuko wa moyo zaidi. Ukichora matokeo ya namna hiyo kwenye grafu, mstari unaanza juu kidogo kwa wasiokunywa, unashuka kwa wanywaji wa kiasi, kisha unapaa kwa walevi. Novemba 1991 kipindi kimoja cha televisheni Marekani kikawauliza watazamaji kwa nini Wafaransa wanakula mafuta mengi na mioyo yao iko salama, na jibu lililotolewa likawa mvinyo mwekundu. Mauzo yake yalipaa.

Sasa fikiria mtu asiyejua mpira anayehesabu majeruhi katikati ya mechi. Anakuta benchi lina wachezaji wengi wenye miguu iliyofungwa bandeji kuliko walioko uwanjani, akaandika ripoti kwamba kukaa benchi kunavunja miguu. Hakuuliza ni nani walitolewa uwanjani baada ya kuumia. Hicho ndicho kilichotokea kwenye tafiti nyingi za pombe. Kundi la "wasiokunywa" lilichanganya watu wasiowahi kugusa pombe na watu walioacha, na watu huacha pombe kwa sababu ini limechoka, shinikizo la damu limepanda, au daktari amewakataza. Kundi lililodhaniwa kuwa la watu safi lilikuwa limebeba wagonjwa.

Gerald Shaper na wenzake wa Uingereza waliliandika hilo mwaka 1988, kwenye The Lancet, lakini ilichukua muda mrefu kusikika. Tim Stockwell wa Canada na timu yake wamelifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 2023 walikusanya tafiti 107 zilizohusu watu zaidi ya milioni 4.8, wakarekebisha kasoro hizo, na ile faida ya kunywa kidogo ikafifia hadi ikakosa uzito wa kitakwimu.

Wagonjwa walioacha si kasoro pekee. Katika nchi tajiri, ambako tafiti nyingi zilifanyika, mnywaji wa kiasi huwa na kipato kizuri, bima ya afya na muda wa mazoezi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulipima mambo 30 yanayohusiana na ugonjwa wa moyo, kuanzia unene hadi elimu, ukakuta 27 kati yake yapo zaidi kwa wasiokunywa. Katika mazingira hayo, glasi ya mvinyo inaweza kuwa alama tu ya maisha mazuri, na sifa zikaenda kwake.

Utaamuaje basi? Njia iliyo safi zaidi ingekuwa kuwagawa watu kwa kura, nusu wanywe na nusu wasinywe, kisha uwafuate miaka. Jaribio la aina hiyo lilianzishwa Marekani, likipangiwa watu 7,800, na likafungwa Juni 2018 kabla halijafika mbali. Ilibainika kwamba maofisa walikuwa wamewaendea watengeneza pombe kuomba fedha, na kwamba jaribio lilisukwa kwa namna ambayo lingeweza kuona faida za moyo lakini likapitwa na madhara kama saratani. Binafsi naona hasara ya tukio lile haikuwa fedha. Swali ambalo lingejibiwa kwa njia nzuri kuliko zote lilichafuliwa, na sioni nani atalithubutu tena karibuni.

Njia ya pili imetoka kwenye jeni. Hakuna anayechagua jeni zake kwa kutazama kipato au ugonjwa wake, na zile jeni za uso mwekundu huwafanya walio nazo wanywe kidogo maisha yao yote. China ina watu wengi wenye jeni hizo, na huko watafiti walifuatilia zaidi ya watu wazima 500,000 kwa takriban miaka 10. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Walipowauliza wanaume wanakunywa kiasi gani na kufanya hesabu ya kawaida, ule mstari maarufu ulijitokeza: wanywaji wa kiasi walipata kiharusi kidogo kuliko wengine. Walipowapanga wanaume haohao kwa jeni, mstari uliyeyuka. Kadiri jeni zilivyoashiria unywaji mkubwa, ndivyo shinikizo la damu na kiharusi vilivyopanda, bila bonde la faida katikati. Wanawake wa utafiti ule, ambao karibu wote hawanywi, walikuwa na jeni hizohizo na hazikuwaletea kiharusi. Kilichotenda ni pombe.

Kwa upande wa mshtuko wa moyo mambo hayajanyooka hivyo. Hesabu za jeni China hazikuonyesha faida ya wazi wala madhara ya wazi. Ni kweli pia kwamba pombe hupandisha ile kolesteroli inayoitwa nzuri, na huko ndiko watetezi wake walikoegemea kwa muda mrefu. Lakini dawa zilizobuniwa kupandisha kolesteroli hiyo kwa makusudi zilishindwa kutoa kinga iliyotarajiwa, kwa hiyo hoja hiyo imepoteza nguvu. Lile jopo la Desemba 2024 liliondoa walioacha pombe kwenye ulinganisho, jambo jema, ila tofauti za kipato na mtindo wa maisha ni ngumu kuzifuta. Na ripoti yake hiyohiyo, iliyosifiwa na wanywaji, ilisema pia kwamba wanawake wanaokunywa kwa wastani wanapata saratani ya matiti zaidi ya wasiowahi kunywa. Sehemu hiyo ilisambazwa kwa uvivu.

Hatari imepanda kutoka ngapi?

Turudi kwenye ule utafiti wa 2018. Kati ya watu 100,000 wasiokunywa, 914 hupata katika mwaka mmoja tatizo mojawapo la kiafya ambalo pombe inaweza kulisababisha, kwa kuwa magonjwa hayo huwapata hata wasiokunywa. Wakinywa wote kipimo kimoja cha gramu 10 kila siku, idadi inakuwa 918. Vipimo viwili, 977. Vipimo vitano, 1,252. Namba zilezile zinaweza kuandikwa kama "hatari yapanda" au kama "watu 4 zaidi katika laki moja", na zote mbili ni kweli. Tazama pia jinsi ngazi zinavyozidi kuwa kali: kipimo cha kwanza kinaongeza watu 4, cha pili kinaongeza 59.

Hesabu za mwaka mmoja huonekana ndogo, za maisha yote huonekana tofauti. Tangazo la Daktari Mkuu wa Marekani la Januari 2025 liliweka hivi: kati ya wanawake 100 wanaokunywa chini ya kipimo kimoja kwa wiki, karibu 17 watapata saratani inayohusiana na pombe maishani mwao. Wakinywa kimoja kila siku, watakuwa 19. Viwili kila siku, karibu 22. Kwa wanaume ni 10, 11 na 13. Vipimo hapa ni vya Marekani, gramu 14.

WHO iliposema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango salama, haikumaanisha kila tone linaua. Ilimaanisha haujapatikana mstari ambao chini yake hatari ya saratani inakuwa sifuri. Na hesabu za 2022 hazikuufuta utafiti wa 2018, zilivunja wastani wa dunia katika makundi. Kijana wa miaka 25 ni nadra kupata mshtuko wa moyo. Pombe ikimdhuru, mara nyingi ni kwa ajali au vurugu, kwa hiyo kwake hata faida ya moyo ingekuwepo isingekuwa na cha kuokoa. Mtu wa miaka 65 mizani yake ni tofauti, na inabadilika tena akiishi mahali ambapo kifua kikuu ni kingi, kwani pombe hukizidisha. WHO inakadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019, na majeraha peke yake yalichukua zaidi ya 700,000.

Ndiyo maana miongozo inatofautiana bila kupingana sana. Uingereza tangu 2016 inashauri wanaume na wanawake wasizidi vipimo 14 kwa wiki, yaani gramu 112. Mwongozo wa Canada wa 2023 ni mkali zaidi: vipimo 1 hadi 2 kwa wiki ni hatari ndogo, 3 hadi 6 ya kati, 7 na kuendelea inazidi kupanda. Kila mmoja umejibu kwa namna yake swali ambalo sayansi haiwezi kulijibu peke yake, kwamba hatari kiasi gani inavumilika.

Yanayosemwa mitaani

Mvinyo mwekundu una resveratroli, kemikali ya zabibu inayosifiwa kuwa inalinda moyo, ni kweli, lakini ni kidogo mno. Ungehitaji mvinyo wa kukuua kabla haujakutibu. Pombe haipashi mwili joto: inatanua mishipa ya damu chini ya ngozi, unahisi joto huku unalipoteza. Usingizi unakuja haraka, kisha unakatikakatika usiku wa manane. Kwa mjamzito hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto, na hapa miongozo ya nchi mbalimbali inaafikiana karibu yote.

Lile la "mimi silewi kirahisi, mwili wangu umezoea" linastahili dakika zaidi. Ubongo unaokutana na pombe kila siku hujirekebisha ili ufanye kazi ndani ya pombe. Mtu anaonekana timamu, anatembea wima, lakini ini lake linapokea ethanoli ileile, na seli zake asetaldehidi ileile. Uzoefu huo unaondoa king'ora na kuuacha moto, tena mara nyingi ndiyo dalili ya mapema ya utegemezi.

Mafuta yanayojaa kwenye ini kwa ajili ya pombe huweza kupungua sana baada ya wiki chache za kuacha. Makovu ya ini lililosinyaa hayarudi nyuma kirahisi hivyo. Ila kuacha kwenyewe kuna utaratibu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka azimue, asiache ghafla peke yake chumbani. Ubongo uliojirekebisha ukinyimwa pombe kwa mara moja unaweza kulipuka kwa degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadhi ya watu huingia kwenye hali ya kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na homa kali inayoweza kuua. Hospitali zina dawa za kuituliza hali hiyo na kumshusha mgonjwa taratibu kwa siku kadhaa, na daktari anapaswa kuambiwa kiasi halisi kinachonywewa, bila kukipunguza.